Viuno Thelathini na Ukurasa wa Siri

Jumatatu, tarehe 3

Itangazwe kwa walio hai na watakaozaliwa: leo, saa tatu na robo asubuhi, daftari la vipimo la karakana yetu ya ushonaji limestaafishwa. Limetumika miaka ishirini na miwili. Limemwagiwa chai mara nne na kuunguzwa na pasi mara moja. Limelazwa kwenye droo ya Mama Duka na droo imefungwa kwa ufunguo. Hakukuwa na hotuba. Aliyesimama kwa heshima ni mimi peke yangu, na nikaambiwa nisogee, naziba mwanga.

Badala yake imekuja programu. Mama Duka, mwenye karakana na mwenye kauli ya mwisho, ametueleza kwamba programu ni moja lakini inakaa mahali patatu: kwenye simu yangu, kwenye tableti ya meza ya kukatia, na kwenye kompyuta yake kule mbele. Ukiandika huku, kule wanajua papo hapo. Nikasema basi ni kama mke wangu na dada zake. Hakucheka.

Niseme wazi, maana hapa niko peke yangu. Daftari lile lilikuwa na mwandiko wangu, na mwandiko wangu hausomwi na binadamu mwingine. Ndiyo kinga yangu. Mteja akija, lazima niitwe. Na sasa kuna jambo: Mama Duka amechoka, anataka msimamizi wa karakana, na atamtaja wiki hii hii. Tuko wawili tu. Mimi, fundi wa makoti. Na fundi wa suruali, tunayemwita Sentimita, kwa kuwa hata ukimuuliza kwake ni mbali kiasi gani atakutajia mpaka nukta. Kipimo chetu ni sare thelathini za bendi ya matarumbeta. Makoti yangu, suruali zake. Bendi inapiga Jumapili kwenye ufunguzi wa uwanja wa michezo.

Nimeijaribu programu hiyo. Nikaandika kiuno cha uongo kwenye simu, nikatimua mbio mpaka kwenye kompyuta nione kama nitakiwahi. Nikakikuta kimeshafika, kimetulia. Nikarudia mara saba. Ya mwisho nilipitia mlango wa nyuma. Mama Duka akaniuliza kwa upole kama tumbo linaniendesha.

Jioni nimegundua programu ina kurasa za maelezo. Kwenye simu zimejificha nyuma ya vimistari vitatu pembeni, hata mimi nimezifikia kwa bahati. Shajara hii itakaa humo. Nimeupa ukurasa jina SIRI, kwa herufi kubwa, ili mtu mwenye adabu zake asiufungue.

Jumanne, tarehe 4

Bendi imekuja kupimwa. Napima, naandika kwenye simu. Kabla sijakunja tepu, Sentimita anaisoma namba kwenye tableti kwa sauti, kama anayeitangaza ajali. Mama Duka naye anapaza sauti kutoka mbele kwamba yule wa tarumbeta la tatu nimemsahau mguu. Kweli nilimsahau. Daftari halikuwahi kunisuta mbele za watu.

Tena kwenye simu haionekani orodha nzima. Naona jina na kiuno, basi. Nikitaka mguu, niivute kwa kidole. Kidole kina chaki. Simu haimtambui mtu mwenye chaki. Kwenye kompyuta vyote vimejipanga kama askari. Najiuliza, hii ni haki?

Wa mwisho alikuwa mpiga ngoma kubwa. Mtu mkubwa, mpole. Tepu ilimzunguka ikakutana na mwisho wake kwa taabu. Aliomba radhi, kana kwamba tumbo ni kosa alilonitendea mimi.

Mengineyo. Chai ya Mama Duka leo ilikuwa nyepesi, nimesoma jina la kiwanda chini ya kikombe kikiwa kimejaa. Sentimita amejimwagia manukato mpaka koti nililokuwa nashona linanukia yeye. Naandika tu ili moyo upoe. Chini ya ukurasa programu imeandika: Wasomaji 3. Nadhani inanihesabu mimi, simu na miwani.

Jumatano, tarehe 5

Sikulala vizuri. Nimegeuka kitandani mpaka mke wangu akahamishia mto wake miguuni.

Maajabu mawili. Chai ya leo nzito, nusura kijiko kisimame chenyewe. Mama Duka amenimiminia kwa mkono wake na kuniuliza kama chini ya kikombe kunaonekana kitu. Nikasema hakuna. Akasema vizuri. Na Sentimita amekuja hana manukato hata tone! Sasa naelewa uongozi ni nini. Kiongozi wa kweli hasemi. Anawaza tu, watu wanajirekebisha.

Basi nikapata ujasiri, na ujasiri ukanipotosha. Mchana nilijifungia chooni na simu. Nimeongeza inchi mbili kwenye kila kiuno. Viuno vyote thelathini. Vifua sikugusa, makoti yangu yako salama. Kesho Sentimita atakata kwa namba hizo, Jumamosi suruali zitashuka zenyewe, lawama itaiangukia programu na aliyeiamini, na Mama Duka ataifungua droo kwa machozi. Nani tena atakuwa msimamizi kama si mwenye mwandiko?

Jioni nimekula nimesimama. Mke wangu ameuliza kama kiti kimenikosea nini.

Alhamisi, tarehe 6

Saa mbili asubuhi, kabla ya kazi kuanza, mpiga ngoma alikuja peke yake. Alisimama mlangoni ameshika kofia. Alijizungusha sana, akazungumzia vumbi, akasifu cherehani. Mwisho akasema lililomleta.

"Mzee, mimi tangu nikue navaa nguo za kupanuliwa. Hii ndiyo ya kwanza kukatwa kwa ajili yangu. Mama atakuja kuniangalia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alipotoka nikakaa juu ya furushi la bitana, nikaona kwa macho yangu suruali ikimshuka mtu yule mbele ya mama yake, mikono yote miwili ikiwa na virungu vya ngoma, hana wa kuidaka.

Nikarudi chooni. Nimepunguza inchi mbili kwenye kila kiuno, mbio mbio, jicho moja mlangoni. Nilipofika kwa wa kwanza niliona namba ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Nikajiambia kumbukumbu ya mwenye hatia haiaminiki. Nikaendelea mpaka wa thelathini.

Hili naliandika jioni. Asubuhi sikuliandika, kwa aibu. Na mchana kutwa Sentimita alikuwa anakata huku akipiga mluzi, chaki inateleza, mkasi unakula kitambaa. Alinitazama mara mbili na kutabasamu. Mtu asiye na hila, maskini. Laiti angejua nimemwokoa.

Ijumaa, tarehe 7

Tunashona. Siwezi kutulia. Nashona vifungo vitatu, nainuka. Naangalia simu, nainuka tena. Suruali zimetundikwa ukutani, thelathini, zimepangana kama samaki wa kukaushwa. Naona kama nyembamba. Nikamwambia Sentimita, kwa mzaha tu, kwamba labda bendi itafunga kula mpaka Jumapili. Akanijibu kwamba kila mtu atapata anachostahili, kwa sentimita. Wote wawili tulicheka. Nafikiri tulicheka vitu tofauti.

Mama Duka ameshinda kwenye kompyuta, anasoma kitu na kujifuta macho. Nikamuuliza kama ni vumbi. Akasema ni hadithi, imefika patamu.

Jumamosi, tarehe 8

Saa tatu bendi ikaja kujaribu. Makoti yamekaa kama yamezaliwa nao. Suruali hazikufunga. Hata moja.

Hakukuwa na kelele. Kulikuwa na pumzi tu, watu thelathini wakivuta matumbo ndani. Kiongozi wa bendi alifanikiwa kufunga, akapiga chafya, kifungo kikatua kwenye kikombe cha Mama Duka. Mpiga ngoma alisimama kwenye kona, ameshika pande mbili za suruali kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Hakuniangalia. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nikapima. Pungufu ya inchi nne. Kila mmoja, bila upendeleo. Tukatazama simu, tukatazama tableti, tukatazama kompyuta. Zote tatu zina namba zile zile, hakuna iliyomsaliti mwenzake.

Mama Duka ndiye aliyeanza. Alikohoa, akasema Jumatano jioni alipunguza inchi mbili kwa kila mtu, kimya kimya, kwenye kompyuta. Sentimita akatazama viatu vyake, akasema Alhamisi hakugusa namba, ila kwa kila suruali alikata inchi mbili pungufu ya alichoambiwa na tableti. Nami nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba Alhamisi asubuhi nilipunguza mbili.

Kisha nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyouliza katika maisha yangu: wenzangu walijuaje kwamba kuna cha kupunguza?

Mama Duka aliigeuza kompyuta inielekee. Kule upande wa kushoto, mahali ambapo kwenye simu yangu pana vimistari vitatu tu, palikuwa na orodha ya kurasa zote. Ya kwanza juu kabisa, nene, nyeusi: SIRI.

"Ulisema mwenye adabu asifungue," akasema. "Sasa wewe humu ndani unamjua mwenye adabu nani?"

Alikuwa amenyamaza makusudi, aone kama nitajirudi mwenyewe. Sentimita naye alinyamaza, aone sura yangu ya leo. Nami nilijirudi asubuhi ile bila kusema, tukawa watatu tunaorekebisha kosa moja. Waliposoma toba yangu Ijumaa kitambaa kilikuwa kimeshakatwa, na kila mmoja wao alidhani pungufu ni inchi mbili tu, za kuachiwa kwenye mshono.

Muda wa kulaumiana haukuwepo. Sentimita huacha akiba ya inchi mbili kwenye mshono wa nyuma. Miaka yote namcheka, namwambia anafuga kitambaa. Leo akiba ile ilitupa inchi mbili. Mbili nyingine nilizikata kutoka kwenye mabaki ya makoti yangu: vipande vya pembetatu, kimoja nyuma ya kila kiuno, mahali ambapo koti linafunika. Nilimpigia mke wangu simu, akaja na sindano yake na maswali yake. Tukakaa goti kwa goti, mimi na Sentimita, tukafumua na kushona. Baada ya saa nzima Sentimita akauliza, bila kuinua macho:

"Kaka, manukato yangu yalikukosea nini?"

Nikamwambia hayakunikosea, niliyaonea wivu. Akasema atarudi nayo Jumatatu. Jua halijazama tukamaliza ya thelathini, ya mpiga ngoma. Yake niliweka pembetatu mbili.

Jumapili, tarehe 9

Uwanja umejaa. Mimi sikukaa. Nilitembea nyuma ya viti nikitazama migongo thelathini. Kiongozi alikuwa amewakataza wasiiname kwa hali yoyote, hata wakidondosha kitu. Hata mgeni rasmi aliposalimiwa, bendi ilimsalimu kwa nyusi.

Mpiga ngoma alipiga kwa mikono miwili, bila hofu. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, ameacha kiti, amesimama. Alikuwa haangalii ngoma. Alikuwa anaangalia nguo. Wimbo ulipokwisha yule mtu aliinua kirungu kimoja kunielekea, na mimi nikajifanya nimeingiwa na kitu jichoni.

Baada ya hapo Mama Duka alimtaja msimamizi. Ni Sentimita. Mama Duka akasema programu haina kosa, imefanya kazi sawasawa kwenye simu, kwenye tableti na kwenye kompyuta. Walioharibika ni watu watatu, na yeye mmoja wao. Mimi akanipa ufunguo wa droo, nikachukue daftari langu, nikae nalo. Na ili yasirudie, amewafungulia programu wanabendi wote, kila mmoja ahakikishe kiuno chake kwenye simu yake. Na mke wangu pia. Anasema karakana inahitaji jicho la nje.

Jumatatu, tarehe 10

Ukweli wa mambo, bila chumvi, ni huu. Programu haikunionea. Sentimita hakunionea. Niliogopa kwamba siku watu watakapoweza kusoma wenyewe, hakuna atakayeniita. Kwa hofu hiyo niliongeza inchi mbili, na kwa inchi mbili hizo nusura nimvue nguo mtu mwema mbele ya mama yake. Nilipotubu, nilitubu kwa siri kama nilivyokosea kwa siri, na ndiyo maana suruali zilibana. Ningesema neno moja kwa sauti Alhamisi asubuhi, zingekaa sawa. Suruali za Sentimita zilikuwa nzuri. Akiba yake ya nyuma ndiyo iliyotuokoa.

Nimeyaandika haya kwenye daftari langu la zamani, kwa kalamu, si kwenye programu. Mtu hujifunza. Lakini baadaye nikawaza: daftari limeshamwagiwa chai mara nne. Likipotea je? Basi nimelipiga picha, ukurasa mmoja mmoja, mwandiko wa kusomeka safari hii, na picha nimezihifadhi kwenye programu, nyuma ya vile vimistari vitatu. Ukurasa nimeuita siri ya pili. Kwa herufi ndogo kabisa, usionekane.

Chini yake pameandikwa: Wasomaji 34. Hapo sasa programu imekosea, maana mimi nimeusoma mara mbili tu. Kesho nitamwambia Mama Duka, pengine ataifikiria upya ile kauli kwamba programu haina kosa.

Mke wangu yuko sebuleni na simu yake, anacheka peke yake tangu saa moja. Nitamuuliza ana nini, nikishamaliza kuandika.