Mtakatifu Chini ya Matawi

Jumatano, 17 Januari
Nimemwiba Mtakatifu Vinsenti. Hapana, nimemwazima. Ni sanamu ya mbao, msimamizi wetu sisi wakulima wa zabibu. Kila mwaka hukaa nyumba moja kijijini, na kwenye sikukuu yake, mwaka huu Jumatatu, huhamia nyingine. Anayempokea, mvinyo wake ndio hufungua karamu. Safari hii wamempa jirani yangu Thévenet! Mvinyo wangu wameuita siki. Basi Bi Hortense, mtunzaji wa mwaka huu, alipokwenda kununua mkate, nikamtia mtakatifu guniani. Nimemficha shambani kwangu kwenye ukungu, chini ya rundo la matawi tuliyopogoa. Jumapili nitampata kwa upelelezi wangu. Nani atamnyima zamu aliyemwokoa?

Alhamisi, 18
Bi Hortense analia. Nimejitangaza mpelelezi. Nikapima nyayo jikoni kwake. Kumbe zangu! Nikazifuta. Thévenet akauliza mbona natokwa jasho na baridi yote hii.

Ijumaa, 19
Moshi! Thévenet anachoma matawi. Januari kila mpogoaji huchoma matawi. Nimezaliwa hapa, nilisahau vipi? Rundo langu halipo. Nimechakura majivu mpaka nikaungua kidole. Nimemchoma mtakatifu! Mke wangu Mireille akanitazama mlangoni.
"Baba Lucie, mbona umekuwa mweusi kama chungu?"
Nikasema nafuata dalili. Akaniambia nianze kufuata sabuni.

Jumapili, 21
Nimechonga mtakatifu mwingine kwa kisu cha kupogolea. Anafanana na bata.

Jumatatu, 22
Nimeingia kanisani na bata wangu guniani. Mtakatifu yuko mbele, mzima! Thévenet alimkuta kabla hajawasha moto, akamnong'oneza Bi Hortense peke yake. Mimi mpelelezi sikuambiwa! Na lile rundo, kumbe, lilikuwa upande wake wa mpaka. Ukungu ule! Bi Hortense akasimama mbele ya wote.
"Kajiendea mwenyewe, jamani. Kamchagua Thévenet. Sisi ni nani tuendelee kumhamisha?"
Wakakubali wote. Mtakatifu atakaa kwa Thévenet, hahami tena. Zamu zimefutwa, na nimezifuta mimi. Nimekunywa mvinyo wa Thévenet na uchungu wangu. Mtamu, mshenzi yule.
Ila nikitazama vizuri, mpango wangu haukuwa na kasoro. Nilikosea mstari mmoja tu wa mizabibu. Mireille anasema Thévenet hafungi mlango wa jikoni. Kesho, ukungu ukiondoka, nakwenda kuhesabu mistari, safari hii nisivuke mpaka.