Anayepunguza Hapunguzwi

Jumatatu, 7 Oktoba 2002
Semina ya kompyuta. Joto, vumbi, soda za moto. Mtaalamu kutoka Dar, Bwana Ebenezer, kasema kompyuta inakula umeme, na siku za mgawo umeme wetu unatoka kwenye jenereta ya dizeli nyuma ya ofisi, nayo inatoa hewa ya ukaa inayoharibu anga la dunia nzima. Kompyuta isiyotumika izimwe. Anayepunguza ukaa, kasema, ni mali kwa shirika. Nilikuwa nasinzia. Niliamka palepale! Mwekezaji anakuja, Ijumaa inatoka orodha ya watakaopunguzwa kazi, na masjala ina makarani wawili, mimi na Silvano. Atabaki mmoja. Silvano anachapa kwa vidole kumi. Mimi kimoja. Lakini sasa ninayo siri: anayepunguza hapunguzwi.

Nimemweleza mke wangu, Lea. Akauliza kama huo ukaa unapikika, maana gunia la mkaa limepanda. Nimemwambia ukaa si mkaa. Hajaona tofauti. Alikuwa anamwagilia mzabibu wake uani, ambao mwaka huu ndio utazaa kwa mara ya kwanza. Nyumba ni ya shirika. Nikipunguzwa tunahama, na mzabibu hauhami. Hakulisema hilo. Nililisikia tu.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimezima kompyuta ya mhasibu alipokwenda chai. Nimezima na ya Silvano alipokwenda msalani. Akarudi, akauliza nani kazima. Nikamjibu ni kwa faida ya dunia. Bosi wetu, Mama Anastazia, akapita. Nikampa shikamoo, nikamweleza kuwa nimeokoa anga kwa dakika kumi na tisa. Akaitikia marahaba, akaongeza mwendo. Dalili njema.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimekuta karatasi kwenye kiti changu: AFISA UKAA. Mwandiko wa Silvano. Ofisi nzima inacheka. Nimeiacha hapo hapo. Cheo ni cheo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mgawo tena. Jenereta inanguruma, moshi unaingia hadi masjala. Saa nane mchana nimepita ofisi ya Mama Anastazia. Mwenyewe hayupo, kaenda kula, kompyuta inawaka peke yake! Nikachomoa waya ukutani. Nikasimama mlangoni nimpe taarifa mwenyewe.

Aliporudi aliutazama waya sakafuni. Kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba alikuwa anaandika orodha tangu asubuhi, hajaihifadhi, na mwekezaji anaitaka jioni. Akaomba kalamu. Nikampa yangu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Orodha imebandikwa. Kwa mkono, wino wa bluu, kalamu yangu. Mimi ni wa kwanza. Hata alfabeti haikufuatwa!

Silvano kanifuata nyuma ya ofisi kunipa pole. Kaniambia jana asubuhi, alipompelekea Mama Anastazia faili, aliiona ile orodha ya kwanza, ya kwenye kompyuta. Jina langu halikuwemo. Lilikuwemo lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia kazini mwisho. Akalia. Nami nikalia. Sijui yeye alilia nini.

Nimemweleza Lea. Alichukua ndoo, akaenda kumwagilia mzabibu. Nikamwambia haina maana, nyumba anapewa Silvano. Akaendelea kumwagilia. Roho iliniuma sana.

Jumamosi, 26 Oktoba
Ndani ya treni, tunakwenda Gulwe kwa mama yangu. Nisikate tamaa! Kiinua mgongo chote nimenunulia jenereta. Nitachaji simu za watu. Lea kauliza Gulwe nani ana simu. Nimemwambia zitakuja. Fundi aliyeniuzia alionya kuwa inatoa moshi mwingi. Nilimcheka. Mimi, Afisa Ukaa, nifundishwe na fundi? Ukaa ni mambo ya kompyuta.

Lea alikata pingili za mzabibu, akazifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji akazipande kule. Behewa limejaa. Nimepata sehemu moja tu laini ya kuwekea jenereta, juu ya gunia lake. Dizeli imevuja kidogo. Yeye amelala. Sitamwambia. Nadhani dizeli ni mbolea.