Meli ya Vita Inapita kwa Bana Chola

Bana Chola, yaani mama yake Chola, anasema kwamba kutoka Chienge mpaka Nchelenge, mutu wa kumudanganya hajazaliwa. Pua yake, anasema, inanusa bongo, yaani uongo, vile inanusa samaki ya juzi: mutu hajafungua kinywa, yeye amekwisha kugeuza uso. Anasema vile, anapangusa mikono ku kitenge, halafu anacheka mwenyewe.

"Sauf mara moja tu. Bashi Chola, bwana yangu, aliniambia hana bibi mwingine, na mimi nikakubali. Kumbe ule bibi mwingine njo alipika bukari, ule ugali wa ndoa yetu. Nikakula. Tena nikaomba aniongezee."

Wale wa kila siku wamesikia hiyo habari mara mia, na wanaicheka mara mia na moja, kwa sababu birika ni ya Bana Chola na kijiko cha sukari kiko mkononi mwake.

Kijiwe chake kiko hatua chache tu kutoka pale mashua zinapovutwa ku muchanga. Mabenchi mawili, kiti kimoja chenye mugongo, karai ya vitumbua, na televisheni ndogo inayokula jua kwa sahani ya sola iliyofungwa juu ya bati. Yeye alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, akaolewa huku. Ndiyo maana hapo kwake hata Wabemba wa kweli wanaweka Kibemba chini na kuongea Kiswahili. Wanasema kitumbua kinafika haraka zaidi.

Ziwa Mweru lilikuwa limefungwa tangu Desemba, ili samaki wazae kwa amani. Samaki walikuwa na amani. Wavuvi, wao, walikuwa wamekaa ku benchi miezi mitatu na hawakuwa na amani hata ya kujaza kijiko.

Lakini Jumamosi ziwa lingefunguliwa, na Bana Chola alikuwa na mashua mpya, yenye injini. Mbuzi zake zote zilikuwa zimegeuka mbao. Chola mwenyewe, mutoto wake wa kwanza, angepanda ndani kuvuta wavu. Usukani angeshika nani? Hilo ndilo lililokuwa linamukatia usingizi. Mweru ikikasirika haiulizi mutu amesoma wapi, inauliza nani ameshika usukani. Na alikuwa ameahidi kwamba leo, kabla birika ya pili kwisha, atataja jina.

Waliotaka ile kazi walikuwa wawili.

Wa kwanza Fanwell, wanayemwita Kimya. Amevua Mweru tangu meno ya maziwa. Ukimuuliza habari ya nyumba anajibu, "Iko." Ukimuuliza habari ya upepo, "Iko." Siku baba yake alipofariki walimuuliza kama kuna tatizo, akasema, "Iko."

Wa pili Albert, wanayemwita Amiral. Alikimbia vita ya Kongo mwaka wa 2017, akapitia kambi ya Kenani kama wakimbizi wengine, leo analima mihogo na siku za soko anakuja Nchelenge na baiskeli. Huyu anasema alifanya miaka mine ku meli ya vita, ku bahari kabisa. Kile kiti chenye mugongo ni chake. Hakuna aliyemupa, alikikalia siku ya kwanza, na hakuna aliyekuwa na cheo cha kumuondoa.

Asubuhi ile televisheni ikatangaza: maisha ya kila siku ndani ya meli ya vita. Benchi lote likageuka kumuangalia Amiral kama bwana arusi.

"Alors," akasema Amiral, akavuta kiti mbele. "Leo mutajua kama mulikuwa munakunywa chai na nani."

Meli ikajaza kioo, ndefu, rangi ya majivu, mizinga minane mugongoni. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Levy, wanayemwita Profesa kwa sababu alimaliza darasa la kumi na mbili na hajasahau kulitaja, akaanza kutafsiri.

"Anasema ndani iko batu mia mbili, miezi sita mu maji."

"Na nyavu ngapi?" akauliza Kaoma. Huyu anapeleka samaki Mansa kwa minibasi, na jina lake ni Bila Breki. Siyo juu ya minibasi, juu ya kinywa.

"Hakuna wavu, Kaoma. Ni meli ya vita."

"Batu mia mbili, miezi sita mu maji, na hawarudi hata na samaki moja? Bibi yangu angenifungia mulango."

"Bibi yako anakufungiaka hata ukirudi na samaki," akasema Rosalie. Rosalie anauza chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, na wanamwita Duane, yaani forodha, kwa sababu hakuna neno linapita mbele yake bila kufunguliwa mufuko kama pale mpakani.

Wakaonyesha vitanda. Vitatu vitatu, kimoja juu ya kingine, na pazia ndogo ya kujifichia.

"Mayo," akasema Bana Chola. "Banawaanika kama chisense."

"Chisense iko na nafasi ya kugeuka," akasema Rosalie.

"Mimi ningekataa cha katikati," akasema Kaoma. "Wa juu anakumwangia jasho, wa chini anakupiga magoti mu mugongo, na weye hauna pa kukimbilia. Amiral, weye ulilala cha ngapi?"

Amiral aliangalia kioo kwanza.

"Cha juu. Wakubwa banalalaka juu."

"Anasema wapya njo banalala juu," akatafsiri Levy.

"Hiyo ni meli ya bazungu," akasema Amiral. "Bazungu banageuza kila kitu."

Wakaonyesha wanaume wamepiga magoti, wanasugua sakafu kwa brashi. Halafu wanaume wengine wanapiga pasi. Halafu mwanaume mwenye mikono kama ya muchinja ng'ombe anashona kifungo cha shati, ulimi nje.

Rosalie akaweka kikombe chini.

"Bana Chola, andika jina langu. Nataka moja."

"Chukua wawili, mwana. Moja anaweza kuharibika mu njia."

"Hao banasugua sababu hawana kazi," akasema Kaoma. "Angalia vizuri. Asubuhi banasugua, mchana banapaka rangi, mangaribi banasugua ile rangi. Adui iko wapi? Mimi sijaona adui hata moja."

"Adui ni kutu," akasema Levy. "Anasema vile kapiteni."

"Basi serikali ya kule inalipa mizinga minane kupigana na kutu."

Hata Fanwell alicheka kwa pua.

Wakafika jikoni. Mupishi akafungua chumba cha barafu, na ndani kuku walikuwa wamepangwa mpaka juu, wagumu kama matofali. Hapo benchi lilikasirika kweli. Kaoma alisimama.

"Ngoja. Samaki iko chini ya matako yao. Chini kabisa. Kunyoosha mukono tu. Na banakula kuku ya mwaka jana?"

"Njo vile," akasema Amiral. "Na shiye pia tulikula kuku ya barafu."

Bana Chola alikuwa anageuza vitumbua, lakini sikio lilikuwa limebaki ku benchi. Alikuwa ameona kitu kidogo. Televisheni ikisema, Amiral anasema njo vile. Televisheni ikinyamaza, Amiral anakunywa chai. Mara moja tu alitangulia, ku vitanda, na televisheni ikamukatalia. Ile pua yake ikaanza kuwasha. Akaikuna. Alitaka sana kuamini, hiyo ndiyo shida. Mutu ametoka ku meli yenye mizinga, akamushikia Chola usukani ku kamashua ka mbao: mama gani hawezi kulala vizuri hapo?

Mara wingu likatoka upande wa Kilwa, jeusi, likaketi juu ya sahani ya sola kama kuku juu ya mayai. Televisheni ikafumba jicho.

Benchi lote likaguna. Amiral akasimama, akageuza kiti, sasa uso wake ukawa mahali pa televisheni.

"Hakuna shida. Ile imelala, mimi niko macho. Ulizeni."

"Zoruba," akasema Kaoma.

"Zoruba? Mawimbi ya kupita kanisa. Kapiteni analia anaita mama yake. Mimi nashika usukani na mukono moja."

"Na mukono mwingine?"

"Nakula bukari. Juu ya nini niache ipoe?"

Wakacheka mpaka benchi likalia. Bana Chola naye akacheka, na kwa ile kucheka akauliza kitu kilichokuwa kinamusumbua kama mutu wa jikoni, bila ubaya wowote.

"Mais, lakini Papa Albert, batu mia mbili. Maji ya kupikia, ya kunywa, ya kuoga. Hayo maji yote munabeba mu mapipa?"

Amiral alimuangalia kwa huruma, vile unaangalia mutoto anauliza kama jua linalala kwa nani.

"Mama. Mutu anakaa juu ya maji anabeba maji? Fanwell, weye ukienda kuvua, unabebaka maji?"

Fanwell akatikisa kichwa. Hapana. Hakuna muvuvi wa Mweru anayebeba maji ya kunywa. Unainama, unachovya kikombe, unakunywa, unaendelea.

"Unaona. Ni kushusha ndoo ku kamba, kuchota, basi. Maji ya bahari ni safi, baridi, tamu kupita hii ya Mweru. Asubuhi kikombe moja, mangaribi kikombe moja. Mimi nilirudi nimenenepa, batu ba kwetu hawakunitambua."

Vichwa vyote vikakubali. Cha Kaoma kikakubali, cha Levy, cha Rosalie, hata cha Fanwell. Bana Chola akasikia haya. Swali gani hilo, la mutu aliyezaliwa na ziwa mbele ya mulango. Na kwa kuwa safari hii Amiral alijibu bila kungoja televisheni, tena bila kusita, moyo wake ukakaa chini. Akajaza kikombe kutoka birika ya pili, akatia sukari vijiko vitatu.

"Basi," akasema. "Nimekwisha kuona. Usukani wa mashua yangu nitamupa..."

Fanwell alikuwa tayari ameinuka, anakunja suruali yake mpaka magoti, vile mutu anafanya akitaka kwenda kuangalia maji tu.

Wingu likasogea. Televisheni ikafumbua jicho.

Palikuwa na binti mumoja wa yunifomu ya bluu, amesimama pembeni ya mashine kubwa yenye mabomba kama matumbo ya ng'ombe. Alikuwa anaipiga-piga kwa mukono, kwa mapendo. Levy akarudi ku kazi yake.

"Anasema hii mashine njo uzima wa meli. Inavuta maji ya bahari, inatoa chumvi."

"Chumvi ya nani?" akauliza Kaoma.

"Ya bahari. Anasema maji ya bahari, yote, iko na chumvi. Anasema mutu akiyanywa vile vile, anatapika, anakauka, anakufa. Mashine ikiharibika batu mia mbili hawana maji. Njo sababu kuoga ni dakika mbili."

Kikombe cha vijiko vitatu kilikuwa bado hewani, kati ya Bana Chola na kile kiti.

"Profesa," akasema Rosalie polepole, "weye ulijua?"

"Nilisoma," akasema Levy. "Lakini nilifikiri kitabu kinazidisha."

Kaoma akageuka, mwili mzima.

"Amiral. Weye ulikufa siku gani?"

Amiral akakohoa. Akaangalia bati, akaangalia ziwa, na ziwa halikumusaidia.

"Ile ya kwetu," akasema, "chumvi ilikuwa upande moja."

"Upande gani?" akauliza Rosalie, na sauti ilikuwa ile ya mpakani kabisa.

"Wa kushoto."

"Na ndoo mulishushia upande wa kuume."

"Njo vile."

Hapo benchi likaanguka. Siyo mfano; Kaoma na Levy walikuwa ku ncha moja, wakainama pamoja, ncha ile ingine ikapanda na chai ya watu ikaenda ku muchanga. Bana Chola akangoja wamalize. Halafu kile kikombe akakigeuza njia, akamupelekea Fanwell.

"Kunywa. Jumamosi unashika usukani. Kuna neno?"

Fanwell akachukua kikombe kwa mikono miwili.

"Iko," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaongeza shukrani, kwa Kibemba. "Natotela, mayo."

Amiral alikuwa amekaa, na kile kiti chenye mugongo kilionekana kimekuwa kikubwa kwake. Bana Chola akamutazama. Mutu analima mihogo ya kupanda ku udongo asiouchagua, akatafuta kazi ya ziwa na mizigo yote aliyokuwa nayo, yaani kinywa. Naye Bana Chola mwenyewe alikula bukari ya bibi mwenzake na hakufa. Akatoa kitumbua kimoto, akakifunga ku karatasi, akamupa.

"Papa Albert, sikiliza. Meli tunaiacha kwa wenye meli. Fasi moja ya kuvuta wavu pembeni ya Chola iko, na ninaweza kukupa leo. Mais niambie kweli moja tu, sababu mutoto wangu atakuwa mule. Unaogopa maji?"

Amiral akanyoosha mugongo. Macho yakarudi, kifua kikarudi.

"Maji? Mimi? Hata siku moja, Mama. Uliza mutu yeyote."

Rosalie hakuinua sauti. Alikunja kitenge kidogo, akanyoosha mguu wa kuume mbele ya watu wote, karibu na kile kiti.

"Albert. Ile siku ya kukimbia vita, shiye wawili tulikuwa mu mashua moja. Kutoka Pweto mpaka Chienge ulikuwa chini ya turubai, macho umefunga, umekamata hapa, unaimba nyimbo za kanisa na hauzijui. Meli yako ya vita mimi sikuiona, nikanyamaza miaka yote. Lakini mguu ni wangu."

Albert aliuangalia ule mguu. Kaoma, Levy na Fanwell wakauangalia.

"Ule," akasema Albert, "ulikuwa wa kushoto."