Sheria ya Kutoumwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mlandege, Iringa. Baridi ya kukata masikio, lakini habari ni ya moto. Mama Esta, bosi wetu hapa kiwanda cha kukoboa mpunga, anafungua tawi Madibira. Anatafuta msimamizi.

Madibira! Tangu tulipoondolewa huko, bonde la Usangu, na ng'ombe wetu, nimekuwa mtunza ghala mjini. Napokea magunia ya mpunga wa kule, nafunga mlango, nayanusa. Gunia la Madibira nalijua nikiwa nimefumba macho. Sasa nitarudi, tena na ofisi. Na funguo zake.

Kikwazo ni kimoja: Faustina, mpimaji wa mzani. Hesabu anazijua, wakulima wanampenda, na mashine ikikorofisha anaisikia kabla ya fundi. Ila ana kasoro moja nzuri sana. Pumu. Haupiti mwezi bila kulala nyumbani siku mbili tatu. Mimi sijaumwa tangu niajiriwe.

Nikaenda ofisini, kofia mkononi. Nikashauri kwamba msimamizi apatikane kwa kipimo kisichopendelea mtu: nani haumwi. Mama Esta ametoka juzi kwenye semina ya wafanyabiashara huko Mbeya, na tangu arudi anatafuta kitu cha kupima. Akakubali papo hapo. Tangazo limebandikwa mlangoni: atakayekosa kazi kwa kuumwa, amejitoa mwenyewe. Uteuzi Juni 20.

Nimenunua soksi mpya za safari. Mapema? Hata kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Faustina alisoma tangazo, akashusha kitenge anachojifunga mdomoni, akanifuata ghalani. Hakupandisha sauti.

"Mzee Masunga, mapafu haya sikuja nayo hivi. Yameharibikia hapo mzanini, kwenye pumba."

Nikampa pole. Sikuona linahusiana vipi na tangazo.

Jambo la ajabu: ugonjwa umekwisha kiwandani. Nashoni, dereva wa Fuso, jana alitetemeka kwa malaria mpaka funguo zikawa zinalia mkononi. Leo hayupo. Lakini haumwi! Amefiwa na mjomba wake, Idodi. Wapakiaji wawili nao wamefiwa na bibi, bibi huyo huyo mmoja, na wenyewe si ndugu.

Ijumaa, 6 Juni

Faustina amefiwa na shangazi. Msiba wa shangazi yule niliuchangia mimi mwenyewe, Pasaka!

Nilikwenda kwa Mama Esta kudai uchunguzi. Akaniuliza kama nataka yeye aende kudai aonyeshwe maiti. Akasema yeye ni mzee wa kanisa. Mtu akimwambia amefiwa, kazi yake ni kusema pole. Nikatoka.

Nimegundua tundu. Sheria yangu inahesabu wagonjwa. Wafu haiwahesabu.

Basi, nitashinda kwa afya tu. Afya ya kuonekana. Leo nimepanda ngazi za ghala mara nne bila sababu, Mama Esta akiwa dirishani. Mara ya nne alifunga pazia.

Jumapili, 8 Juni

Hatua ya tahadhari. Muuza dawa wa sokoni kaniambia mwarobaini unakinga magonjwa arobaini, kikombe kimoja kwa siku. Nikapiga hesabu. Nina umri mkubwa na muda mfupi. Nikachemsha sufuria zima, nikalimaliza baada ya ibada. Uchungu wake! Meno yalikufa ganzi.

Mke wangu Prisca aliuliza nani atanibeba. Wivu. Nikalala nikijisikia chuma.

Jumatatu, 9 Juni

Si chuma. Maji.

Tangu alfajiri makazi yangu ni chooni. Magonjwa arobaini yanatoka kwa foleni, moja baada ya jingine. Kazini siwezi kufika hata kwa kubebwa, na Prisca alishakataa kubeba.

Kusema naumwa ni kujichinja. Kwa hiyo nimefiwa. Lakini na nani? Wazazi walikwisha kupumzika zamani, na kiwanda kizima kinajua. Nikaomba mtu mmoja wa upande wa Prisca, hata wa mbali. Akanijibu kutoka jikoni:

"Baba Shadrack, ua wa kwenu."

Nikamchagua Seni, mdogo wangu. Sababu: anaishi Madibira, mbali na macho ya watu, simu yake aghalabu imezimwa, na misimu miwili sasa hajaniletea hata debe la mchele. Seni hakuwa na ng'ombe wakati ule, akabaki, akakodi majaruba ya mpunga. Mimi nilikuwa na ng'ombe, nikaondoka nao. Leo yeye ana Usangu na mimi sina hata ndama. Kumuua kulinipa unafuu kidogo, sikatai.

Nikamwandikia Mama Esta ujumbe: ndugu yangu wa Madibira amefariki ghafla. Neno "ghafla" nililiona zuri.

Saa tatu simu ikaita. Mama Esta analia! Akasema mzee kama mimi, nisiyekosa kazi, siwezi kuachwa nisafiri na msiba peke yangu. Kiwanda kinafungwa kesho. Fuso litakuwa mlangoni kwangu alfajiri, na wafanyakazi wote, unga, maharage, kuni na turubai.

Nilimsihi asijisumbue. Akasema unyenyekevu wangu ndio unaomliza zaidi.

Kumbe ugonjwa ni wa mtu mmoja. Msiba ni wa watu wote! Mbona hakuna aliyeniambia?

Nimempigia Seni mpaka kidole kimechoka. Hapatikani. Hata simu yake inamhesabu marehemu.

Jumanne, 10 Juni

Naandika nikiwa nimerudi. Nitajitahidi kuwa mkweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Nilikaa mbele, kati ya Nashoni na Mama Esta. Nyuma walikuwa wanaimba tenzi za maziko kwa sauti nne, kwa Kihehe na Kiswahili. Ifunda nikaomba tusimame. Mafinga tena. Kwenye misonobari ya Sao Hill nilishuka nikikimbia, na Mama Esta akawataka wenzangu waniache, mwanaume huona aibu kulia mbele ya watu. Waliponiona narudi nimekonda, sauti zikapanda.

Nashoni aliniinamia sikioni. "Mzee, msiba huu unanukia kama ule wa mjomba wangu wa Idodi. Na wako ni wa aina ile ile?" Nilikaza macho barabarani.

Halafu tukaanza kuteremka, na mbuga ikafunguka. Nililisahau tumbo kwa muda. Ilikuwa rangi ile ile ya mpunga ulioiva, njano inayoelekea kahawia, na yangeyange, wale ndege weupe, wamekaa majarubani kama nguo zilizoanikwa. Baba yangu alifika hapa akitafuta malisho, akasema ng'ombe wamekwisha kuamua, sisi tufuate tu. Machozi yalinitoka. Ya kweli. Mama Esta akanipa kitambaa, na nikajua hapo nimekwisha kabisa. Ningeungama saa ileile, lakini nani angeamini mtu anayelia vile?

Tukasimama kwenye uwanja wa kupuria mpunga. Watu wamejaa, magunia kila upande. Wetu wakashuka na turubai, wakajipanga, wakaanzisha wimbo. Kwenye mzani palikuwa na mwanaume mfupi mwenye kofia ya majani, anapima gunia. Akageuka. Akavua kofia kwa heshima, akasalimu kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka, kaka. Poleni sana jamani. Kafa nani?"

Wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine, besi wakiwa wa mwisho. Mama Esta akamwuliza yeye ni nani. Akasema ni Seni, mdogo wake Masunga. Mama Esta akamweleza kwa upole, kama wanavyofanya kanisani, kwamba yeye ndiye marehemu.

Seni alinitazama. Kisha akaitazama foleni ya wakulima.

"Sawa," akasema. "Lakini wenye mpunga wanasubiri. Nimalize hawa kwanza."

Akarudi kwenye mzani! Nikasikia mlio nyuma yangu. Faustina. Nikadhani pumu imembana. Alikuwa anacheka, ameketi juu ya turubai la msiba, kitenge kimeanguka shingoni, na siku nzima hakukohoa hata mara moja. Wote wakafuata. Mama Esta naye, hatimaye, kwa kujificha nyuma ya kitambaa alichoninyang'anya.

Chakula kilipikwa, kwa kuwa kuni zilishafika. Marehemu alikula sahani mbili. Akaniuliza tu kama ningeweza, mara nyingine, kumjulisha mapema.

Jumatano, 11 Juni

Nimeitwa ofisini. Nilijiandaa vizuri. Nikakiri kwamba nilidanganya, lakini nikaomba izingatiwe kuwa tangazo linakataza kuumwa, halikatazi kudanganya. Kwa mujibu wa sheria, bado sijaumwa.

Mama Esta akakubali. Moyo ukaruka! Akasema amefikiri usiku kucha juu ya kipimo changu, na ameona kinafanya kazi.

"Nilitaka mtu asiyekosa kazini, Mzee Masunga. Siku ya msiba wake mwenyewe nilimkuta anapima mpunga. Nitapata wapi mwingine?"

Seni! Seni ndiye msimamizi wa tawi la Madibira. Nikasema hakuwa hata mwajiriwa. Akasema wala hakuwa hai, kwa maelezo yangu.

Kisha akatoka, akabandua tangazo kwa mkono wake. Mchana mzani ulihamishiwa nje chini ya bati, mbali na pumba za mashine. Faustina alikuwa ameandikiwa kazi ya Madibira kabla sijaja na ushauri wangu, nimeambiwa. Alipoulizwa tena leo asubuhi, kabla sijaitwa, akasema mzani ukihamishwa hahitaji kuhama, alichokuwa anakitafuta ni hewa tu. Yaani ningekaa kimya, na mzani ukahamishwa, kazi ingenifuata yenyewe! Mtu anaweza kujua haya yote kabla?

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya uteuzi wangu. Nimevaa zile soksi, basi tu.

Pumba zote zinaelekea upande mwingine sasa, Faustina hajakosa kazi hata siku moja, na wagonjwa wamerudi: Nashoni ameomba ruhusa kwa malaria, kwa jina lake halisi. Mjomba wa Idodi, nasikia, hajambo.

Wananiuliza nimejifunza nini. Nimejifunza. Usimuue ndugu anayefanya kazi.

Juzi Seni aliomba nimpelekee chandarua, mbu wa majarubani wamekuwa wakali. Nikakinunua, ndugu ni ndugu. Nikakiweka juu ya kabati, nikatafakari. Msimamizi akipata malaria, nani atakaimu? Atahitajika mtu anayeijua Usangu. Nikamwandikia Mama Esta, kwa heshima zote, kwamba ile sheria ya kutoumwa ilikuwa nzuri, tatizo ni kwamba ilijaribiwa Iringa. Ijaribiwe Madibira. Msimamizi peke yake.

Bado hajajibu. Jioni nimeangalia juu ya kabati, patupu. Prisca amekwisha kukipeleka chandarua kituo cha mabasi mwenyewe, kiende kwa Seni na salamu zake.

Si neno. Nimebandika sufuria jikoni. Nikiitwa kukaimu lazima nikutwe mzima. Mwarobaini, ndiyo, lakini safari hii kwa akili: nusu sufuria.