Siku Avenyu Nzima Ilipong'oa Mabati

Wapendwa, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya avenyu nzima, na mvi zangu zote kichwani. Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa wengine.

Jumapili, baada ya misa, niliwafundisha watu wa shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa, namna ya kupima habari. (Mimi ni katekista, kwa wasionijua. Hapa Kolwezi katekista mzee akikohoa tu, watu wanadhani ni fundisho.) Niliwapa maswali matatu. Nani amesema? Yeye amejuaje? Na je, umemuuliza mwenyewe? Nikaongeza kwamba shetani hapendi kabisa mtu anayeuliza swali la pili. Wakapiga makofi. Siku hiyo nililala vizuri sana.

Sasa, kuna habari moja inayotutisha kuliko zote. Avenyu yetu inapakana na ukuta wa mgodi. Msimu wa mvua uliopita, watu wa avenyu ya nyuma walifukuzwa. Waliong'oa mabati mapema waliondoka nayo. Waliosubiri kuambiwa mara ya pili waliyaokota chini ya buldoza, yamekunjika kama maganda ya mahindi. Tangu hapo kila nyumba hapa ina nyundo karibu na mlango.

Basi leo asubuhi natoka nje, rozari bado mkononi. Namwona nani? Jirani yangu, Tata Kalenga, juu ya nyumba yake. Anang'oa bati!

Nusura nikimbilie nyundo. Lakini mimi ni mtu wa kufikiri, nikafikiri hivi: shemeji yake Kalenga anaendesha buldoza mgodini. Dereva wa buldoza anajua atakapobomoa. Shemeji hamfichi shemeji. Kwa hiyo Kalenga ameambiwa, na sisi tumekwisha. (Ona hoja ilivyonyooka! Hata padri angeipitisha.)

"Mama, lete ngazi," nikamwambia mke wangu, Mama Veronika.

"Ngazi ya nini?"

"Batatufukuza. Angalia Tata Kalenga."

"Umemuuliza?"

"Kintu kinaonekana kwa macho, nitauliza nini tena?"

"Tata, si ule pale? Paza sauti tu."

Sikupaza. (Mwalimu wa Jumapili aonekane hajui habari za nyumba ya pili? Haiwezekani.)

Nikapanda. Magoti yangu yalinung'unika kama wana wa Israeli jangwani, lakini nilipanda. Nikang'oa mabati ya jikoni. Nikang'oa ya sebuleni. Tayari nilishapanga kuyapeleka Lubudi kwa mdogo wake Mama Veronika. Nilipogeukia chumba cha kulala, nikasikia kitu kinakwaruza ukuta. Mama Veronika alikuwa ameondoa ngazi, na mimi niko juu!

"Chumba hapana," akasema. "Buldoza ikifika, itanikuta mu kitanda. Ahidi kwanza."

Nikaahidi. Ungefanyaje?

Huku nyuma wapita njia walikuwa wananiuliza, "Tata katekista, kuna nini?" Nami kutoka juu nawajibu kwa sauti nzito, "Mwenye macho haambiwi tazama." (Mungu anisamehe, nilipenda jinsi ilivyosikika kutoka kule.)

Kabla ya adhuhuri mabati yalikuwa yanalia avenyu nzima, kama sufuria za harusini. Kila bati lililoanguka nilimwambia mke wangu, "Unasikia? Shahidi mwingine huyo." Yeye aliendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Ndipo akafika mbio Mama Zaina, anayeuza sukari na chumvi pale kona.

"Tata, ni kweli kabisa! Kuna mutu mukubwa wa kanisa amehakikisha. Batu bote banasema ule hawezi kusema uongo."

Nikamgeukia mke wangu. "Unaona, Mama? Sasa hata kanisa limesema!"

"Mutu gani wa kanisa?"

"Mtu wa kuaminika," nikajibu. (Yale maswali yangu matatu yalikuwa wapi? Mungu ndiye anajua.)

Mchana shefu wa avenyu, kiongozi wetu, akatuita wote njia panda. Alikuwa amekasirika.

"Nani amesema tunafukuzwa? Mi sijaambiwa kintu!"

Na nani akainuka? Mimi. Nikasema ushahidi upo, nyumba baada ya nyumba, na juu ya yote yupo mtu mkubwa wa kanisa.

Bahati mbaya, Jumapili shefu alikaa benchi la mbele.

"Muzuri, Tata. Tufanye vile ulitufundisha. Mama Zaina, nani alikuambia?"

"Musa kinyozi."

"Musa, na weye?"

"Mi sikuambiwa na mutu. Niliona kwa macho."

"Uliona nini?"

Musa akatazama viatu vyake. "Niliona Tata katekista juu ya nyumba."

"Na ule mutu mukubwa wa kanisa?"

"Si ndiye ule," Musa akasema, akanyoosha kidole upande wangu.

Wapendwa, niligeuka kumtazama huyo mtu. Nyuma yangu kulikuwa na mbuzi.

Shefu akauliza nani mwingine aling'oa kwa kumwona katekista. Mikono ikapanda kama kwenye Aleluya. Nikashika tawi langu la mwisho.

"Kalenga! Yeye ndiye alianza!"

"Mi?" Tata Kalenga akashika kifua. "Mi nilitoa bati mbili tu, ziko na matobo. Mvua inakuja! Halafu nageuka, naona weye unatoa yote. Nikasema, ee, katekista anajua kintu. Ndipo na mi nikatoa yote!"

"Na shemeji yako wa buldoza?"

"Ule? Aliachaka ile kazi zamani. Iko Fungurume, anauzisha kuku."

Hapo walicheka hadi wengine wakakaa chini. Na Mungu, ambaye ana wakati wake, akafungua mvua.

Mkikumbuka, paa moja tu lilikuwa limebaki avenyu nzima. Mama Veronika alisimama mlangoni mwa chumba chetu cha kulala akisema, "Muingie, muingie. Mutoe viatu." Wakaingia wote. Shefu alikalia mto wangu. Mama Zaina alikumbatia sukari yake. Kalenga na mimi tulisimama bega kwa bega kando ya kabati, nguo zinatiririka maji.

"Amri ya kutufukuza haijafika," shefu akasema taratibu, anaangalia dari. "Siku moja labda. Leo hapana." Hakuna aliyecheka kwa hilo.

Kisha akaniomba nisali. Nikamshukuru Mungu kwa mvua, kwa majirani, na kwa mwanamke anayejua wakati wa kuondoa ngazi. Hiyo "Amina" ilisikika hadi mgodini.

Sasa nawaomba: mkisikia watu wanasimulia aibu ya katekista, msiamini upesi. Njoni mniulize mwenyewe. Mtanikuta juu ya nyumba, napigilia misumari.