Inconnu Alipiga Mara Nne

Jumamosi asubuhi, mkahawani kwetu huku ughaibuni, Maplewood, meza ya karibu na hita. Habari iliyowasha moto ilitoka WhatsApp: mhubiri mmoja wa mtandaoni ametangaza kwamba mwezi huu Mungu anawapigia watu simu, na simu yenyewe haionyeshi jina.

"Ni kweli," akasema Ildephonse wa Bukavu, tunayemwita Kamusi. Simu yake inasoma Kifaransa. "Tangu asubui napigiwa na Inconnu, Asiyejulikana. Mara tatu! Kwa Kiebrania, Waisraeli waliona chakula wakauliza man hu, ni nini hii? Ikakuwa mana. Asiyejulikana njo analisha! Sasa angalia inconnu. Mwisho wake ni nu, kwa Kifaransa uchi. Maana yake atajionyesha wazi."

"Na hapo katikati?" akauliza Dinah, tunayemwita Dabo kwa zamu zake mbili za hospitali.

"Katikati ni tusi. Tunaruka."

Akaliandika neno kwenye karatasi ya kufutia mikono, akaruka hapo katikati.

"Buda, si u-pick simu tu?" Huyo ni Jotham, jina Mbali, maana hu-drive kutoka Anoka kuja kubishana. "Hao ni matapeli wa kuuzia watu warranty ya gari."

"Sina gari."

"Ndio maana hawakupati."

"Samweli aliitwa mara ngapi mbele ya kusema nena? Nne. Nangoja."

Nilimwelewa, na nilikasirika kumwelewa. Miaka sita anamngoja mkewe Perpétue atoke kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Viza imetoka, anafika Alhamisi. Mtu aliyengoja hivyo huona ishara hata kwenye kikombe cha kahawa.

Simu ikalia. Inconnu. Kamusi akasimama, akavua kofia, akaweka spika.

"Nena, Bwana. Mtumishi wako anasikia."

"Ildephonse, uko mujinga? Ni mie Perpétue! Walibadilisha ndege. Niko ku airport tangu asubui, naomba watu simu zao, nawe unakataa!"

Kamusi alikuwa analia waziwazi, kofia mkononi. Dabo alikwisha kutoa funguo.

"Na njaa inaniuma," sauti ikaendelea. "Mu ndege walinipa kitu, nikauliza ni nini hii, hakuna mwenye alijua. Nikakula tu."

Kamusi akatugeukia, machozi kidevuni, kidole juu.

"Mumesikia?"

"Kamusi," akasema Dabo, "ingia gari."