Maneno Kumi na Mawili ya Mzee wa Maharagwe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Hili sijamwambia mtu: "Mzee wa Maharagwe", anayefichua wizi wa chakula shuleni kwetu hapa Nkubu, ni mimi. Mimi, ninayeona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani! Naandika katika mtandao usio na mwenyewe. Hautaki jina wala namba ya simu. Humpa kila mtu maneno yake kumi na mawili ya siri, ya Kiingereza. Aliye nayo ndiye Mzee. Habari hunipa Wambeti, aliye Embu kwa nyanyake. Mamake, Ciakuthii, ndiye mpishi wetu, na ndiye humsimulia. Akijulikana, kazi hana.

Maneno nimeyaficha nyuma ya daftari la Kiingereza, kama msamiati. Nani atashuku?

Jumanne, 10 Juni
Bi. Mukami alikusanya madaftari. Akasema hatimaye kuna mtu anayejisomea. Akayaandika maneno yangu ubaoni. Yote. Kwa mpangilio! Akaamuru kila mtu atunge sentensi kumi na mbili. Watu arobaini na wanane walinakili siri yangu huku wakinilaani. Kinyua, anayenishinda katika kompyuta, aliyahesabu kwa kidole. Akatabasamu.

Jumatano, 11 Juni
Mzee ameandika bila mimi: eti Kiambi wa Kidato cha Tatu hukojoa kitandani. Uongo! Niliacha darasa la nne.

Maneno hayabadilishwi. Hakuna ofisi ya kulalamikia. Nilimsihi Kinyua. Akaniuliza mimi ni nani, maana Mzee ni yeye. Kisha akasema amesoma barua zote za zamani za Wambeti, na kwamba mamake Wambeti ana mdomo kweli.

Alhamisi, 12 Juni
Kinyua alilisimulia darasa zima habari za mamake Wambeti. Leo githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, imepakuliwa na mtunza stoo, mwizi mwenyewe, akitukagua nyuso. Bawabu anasema Ciakuthii aliondoka asubuhi na aproni yake mkononi. Sikula.

Ijumaa, 13 Juni
Nilimwandikia Wambeti kwamba mimi ndiye Mzee wa kweli, asimwamini mwingine. Dakika moja baadaye Mzee alimwandikia maneno hayohayo. Wambeti akajibu kwamba sote wawili tumemtupa mamake kwa fisi. Akafuta programu.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefungua utambulisho mpya. Ili Wambeti aamini ni mimi, nimemtumia maneno yangu mapya kumi na mawili. Nani mwingine angempa siri yake? Nimeyatuma kwa SMS ya kawaida, kwenye simu ya nyanyake. Nyanya hajui kusoma. Husomewa na yeyote aliye dukani. Nimeongeza mstari mmoja: tafadhali msome polepole, kwa sauti, na msiruke hata neno.